Persis Bitutu Anatafuta Talaka Aliyokwisha Kupewa

Mwaka wa 1967, katika baraza lililofanyika uwanjani mbele ya ofisi ya chifu, ofisa aliyekuja kwa gari la serikali alitangaza kwamba korti za Waafrika, zile za wazee na makoti yao mazito, zimefika mwisho. Tangu siku hiyo mambo ya ndoa na talaka yatathibitishwa kwa maandishi ya korti, si kwa midomo ya wazee wala kwa mifugo. Kumbukumbu zote za korti za zamani, alisema ofisa, zimehamishwa salama, zimepangwa vizuri, na mwananchi yeyote atakayezihitaji atazipata saa za kazi. Watu wakapiga makofi. Ofisa akanywa soda, akafunga kioo cha gari kwa sababu ya vumbi lake mwenyewe, akaenda zake.

Miongoni mwa waliopiga makofi alikuwamo Persis Bitutu wa Nyansiongo. Wakati huo hakuwa na haja ya kumbukumbu yoyote, na kwa hiyo alikuwa na imani nazo zote.

Persis alizaliwa upande wa Magwagwa, katika nyumba ya Waadventista, watu wasiokunywa pombe, wasiokula nguruwe na wasiosahau jambo. Alisomeshwa kwa misheni hadi akaweza kusoma Biblia ya Ekegusii, lugha ya kwao, na kuandika jina lake kwa herufi zilizoegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Baba yake aliona hiyo ni elimu ya kutosha kwa mtu atakayechuma mboga. Msichana alipokomaa alikuja kuposwa na Jethro Nyasani wa karibu na Keumbu.

Jethro alikuwa na kofia. Ni vigumu kutaja kingine. Kazi yake ilikuwa kusimama katika soko la mifugo la Keumbu kando ya watu wawili wanaouziana ng'ombe na kutikisa kichwa. Biashara ikifanikiwa, alidai ni kwa sababu ya kichwa chake. Ikivunjika, alikuwa ameshahamia kwa wengine. Hakuwa na dada. Kwa kawaida kijana wa huku huoa kwa ng'ombe walioletwa na waoaji wa dada yake, na asiye na dada humtegemea baba. Baba yake Jethro alitoa ng'ombe wote aliokuwa nao zizini, akamwoza mwanawe, na muda si mrefu akafariki, kana kwamba alikuwa akingoja kumaliza shughuli hiyo ili apumzike kumtazama.

Ndoa ile ilidumu misimu michache ya mahindi. Mimba zilitoka. Jethro, ambaye hakuwahi kupanda kitu shambani, alilalamika kwamba shamba halizai. Alimpiga Persis siku za soko akirudi bila faida, maana yake siku zote za soko. Mwishowe, mwaka wa 1960, Jethro mwenyewe ndiye aliyekwenda kwenye korti ya wazee akavua kofia, akasema hamtaki mwanamke huyu na anawataka ng'ombe wake.

Wazee walisikiliza, wakasinzia, wakaamka, wakaamua. Ndoa imevunjika, ng'ombe warudi. Baba yake Persis aliwaswaga mwenyewe kutoka Magwagwa, pamoja na ndama waliozaliwa, akiwa na majirani wawili wa kushuhudia. Jethro aliwahesabu, akawahesabu tena. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshawapeleka wote kwa watu wengine na kumwoa Mong'ina. Kwetu jambo kama hilo ndilo talaka. Ng'ombe wakirudi mke ameachika, na wasiporudi bado ni mke, hata akikaa mbali mpaka nywele zikawa nyeupe, na kila atakachozaa huko ni cha mwenye ng'ombe.

Korti iliwapa karatasi. Baba yake Persis aliichomeka kwenye nyasi za paa, mahali penye moshi ambapo mchwa hawafiki. Miaka kadhaa baadaye kaya yake iliendelea, ikaezekwa mabati, na karatasi ikashuka na nyasi ikawa matandiko ya ndama. Mzee alikufa. Majirani wawili nao walikufa, kwa kukosa adabu kabisa kwa korti zitakazokuja kuwahitaji.

Persis alikwenda Nyansiongo, wakati mashamba ya huko yangali ya Wazungu, akapata kazi ya kuchuma maua ya pareto. Huko alikutana na Manasseh, mkamuaji wa ng'ombe, mtu mkimya kiasi kwamba ng'ombe walimpenda na watu walimsahau. Manasseh alimwoa, akapeleka ng'ombe Magwagwa mmoja mmoja kadiri alivyoweza. Akazaliwa Nyangate. Wazungu walipouza na kwenda, Manasseh akapata kipande katika skimu ya serikali ya kugawa mashamba, wakapanda majani chai na pareto, wakafuga ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, wakawa watu wanaosalimiwa.

Nyangate alikuwa mtoto wao pekee. Alifaulu darasa la saba, akapata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, akawa anaandika barua za kuomba viatu na kueleza milima ya Ulaya ilivyofanyika. Persis alizisoma barua hizo kanisani kwa kila mtu aliyeshindwa kukimbia.

Huo ndio wakati Jethro alipokumbuka kwamba yeye ni baba.

Alikumbushwa na Thadeus, mfanyabiashara wa Keumbu mwenye lori, duka na wake ambao walikuwa wamechoka kumwonea haya. Thadeus alitaka sasa mke mwenye kidato, wa kusoma hati za mizigo. Alimsikia Jethro katika kilabu cha pombe akisema kwamba mke wake wa kwanza yuko Nyansiongo na ana binti shuleni. Thadeus akasema, "Mke wako? Basi binti ni wako." Jethro hakuwa amelifikiria hilo. Alipolifikiria, alilipenda.

Alifika Nyansiongo akiwa na kofia, akiwa na Thadeus, na akiwa na Alfayo, naibu wa chifu, mtu aliyeamini kwamba haki iko katikati ya pande mbili, kwa hiyo upande mmoja ukidai mengi mno, katikati husogea. Walikaa kwenye viti vya Manasseh wakanywa chai ya Manasseh.

"Ng'ombe wangu hawakurudi," alisema Jethro. "Ng'ombe wasiporudi, mke ni wangu. Na alichozaa ni changu, hata angezaa na Mzungu."

Manasseh akatazama mikono yake.

"Jethro," alisema Persis, "wewe ndiwe uliyenipeleka kortini."

"Sikumbuki."

"Ulisimama mbele ya wazee ukasema mimi ni gunia tupu."

"Sikumbuki kabisa."

"Ulikuwa na kofia hiyo hiyo."

"Kofia naikumbuka," alisema Jethro.

Thadeus alicheka mpaka chai ikamwagikia tumboni, ambako haikupata shida kutua. Alfayo akakohoa kiserikali. "Mama, mambo siku hizi ni ya maandishi. Kama kuna talaka, kuna karatasi. Kama hakuna karatasi..." Akafungua viganja kuonyesha jinsi karatasi inavyokosekana. "Shule zikifungwa, binti ataenda kwa mwenye ng'ombe. Ukileta karatasi kabla ya hapo, nitakuwa wa kwanza kumfukuza mzee huyu."

"Hiyo ni haki," alisema Jethro, ambaye hakupenda kuitwa mzee.

Kwa hiyo Persis akaanza kutafuta talaka.

Alianzia kwenye jumba la korti ya wazee, ambalo sasa lilikuwa ghala la pareto. Mlinzi alikuwa amelala juu ya magunia palepale ambapo wazee walikuwa wakilala. Alimwambia karatasi zilichukuliwa zamani na lori, zikapelekwa korti mpya, ile ya kilimani. Persis akapanda kilima.

Karani wa korti ya kilimani aliitwa Abner. Alikuwa na tai, chupa ya chai na mhuri ambao aliupulizia kila baada ya muda, hata asipoutumia, kama mtu anayemfariji mtoto.

"Kumbukumbu za zamani zipo," alisema Abner.

"Zipo wapi, bwana karani?"

"Zipo salama."

"Naweza kuziona?"

"Mama, kila mtu akija kuziona, zitakuwaje salama?"

Persis alirudi mara ya pili, na ya tatu, akiwa na ndizi mbivu. Ndizi zilimfanya Abner akumbuke kwamba, kusema kweli, kumbukumbu hizo zilikuwa zimepelekwa mbele zaidi, Kisii mjini, zikakae pamoja na za kwingine. Persis akaenda Kisii. Huko karani mwenye tai nyembamba zaidi alimpeleka kwenye chumba cha nyuma, akamwonyesha rafu. Rejista ya leseni za baiskeli za mwaka wa 1960 ilikuwapo, nzima, imefungwa kwa utepe. Mtu yeyote aliyetaka kujua nani alipanda baiskeli kihalali katika mwaka ule angeondoka ameridhika. Rejista ya ndoa na talaka haikuwapo. Karani alisema bila shaka ilibaki kule ilikotoka. Akamwandikia barua kwa Abner, kumwomba Abner amsaidie mama huyu. Persis akaipanda tena ile njia na barua mkononi. Abner akaisoma, akaupenda mwandiko wake, akaiweka kwenye faili.

"Sasa?" alisema Persis.

"Sasa imepokelewa."

Mwezi ulikuwa unakwenda. Nyangate aliandika kwamba mtihani umekaribia na kwamba viatu bado. Mama yake hakumwambia lolote, kwa sababu hakujua aanze vipi kumweleza msichana anayejua milima ya Ulaya kwamba huenda akapakiwa kwenye lori la Thadeus pamoja na magunia ya mahindi.

Mtu wa kawaida angeishia hapo. Abner hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mtu wa kusaidia. Siku moja alimhurumia Persis kwa dhati, na huruma yake ilikuwa jambo la hatari zaidi katika korti ile.

"Mama, mbona unajitesa na talaka kuukuu?" alisema. "Chukua mpya."

"Mpya?"

"Unafungua kesi hapa hapa. Mimi naandika, wewe unatia sahihi, hakimu anavunja ndoa, unapewa karatasi yenye mhuri huu." Akaupulizia. "Huyo Jethro ataongea nini tena?"

Persis alimwona Abner kuwa malaika aliyevaa tai. Abner aliandika kwa Kiswahili cha korti, kwa mistari iliyonyooka, akamsomea upesi upesi kama mchungaji anayesoma nasaba. *Mimi Persis Bitutu, ambaye ni mke halali wa Jethro Nyasani tangu mwaka wa 1957 hata sasa, naiomba korti hii tukufu inipe talaka.* Kilisikika vizuri masikioni mwa Persis. Akaandika jina lake kwa zile herufi zilizoegemeana. Abner akapiga mhuri kwa nguvu hata mezani pakatikisika. Wote wawili wakafurahi.

Hati ya kumwita Jethro kortini ilimkuta sokoni. Hakuweza kuisoma, akampa Thadeus, naye akaisoma kwa sauti, akaisoma tena. Halafu akamkumbatia Jethro mbele za watu.

"Mke halali!" alipiga kelele Thadeus. "Hata sasa! Amesema mwenyewe! Na serikali imegonga mhuri!"

Jethro aliinunulia Keumbu yote chai, kwa mkopo. Alitembea na hati ile ndani ya kofia, akiitoa kuwaonyesha watu waliokuwa wakijaribu kuuziana ng'ombe. Kama mwanamke alikuwa mke wake mpaka leo, basi msichana aliyezaliwa katikati alikuwa wa nani? Wenye ng'ombe walikubali kwamba hapo amewashika. Hawakutaka kukubali, lakini hesabu ilikuwa hiyo.

Alfayo alikuja Nyansiongo kwa baiskeli kutoa pole. "Mama Nyangate, ungalikaa kimya walau tungebishana," alisema. "Sasa umejiandikia mwenyewe. Mimi nifanye nini na maandishi?"

Alipoondoka, Manasseh aliongea. Lilikuwa tukio.

"Wewe ni mke halali wa Jethro," alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hata sasa."

"Hata sasa."

Manasseh akafikiri. "Na mimi je?"

"Wewe hujaandikwa," alisema Persis.

Akaenda kukamua. Persis alibaki amekaa penye viti vile vya wageni. Hakulia, kwa kuwa jirani alikuwa akichungulia kwenye ua. Asubuhi alivaa nguo ya Sabato ingawa haikuwa Sabato, akaenda Keumbu, nyumbani kwa Jethro, mahali alipoapa kutokanyaga tena. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kumwona mwanamke aliyekuja baada yake, na ikiwezekana kumwomba amwombee kwa mumewe.

Mong'ina alikuwa nje akipukuchua mahindi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mifupa, mwenye watoto wengi na subira iliyokwisha zamani. Alimtazama Persis kutoka viatu kwenda juu.

"Umekuja kushika nafasi yako?" alisema. "Karibu. Kuna kuni zile pale hazijapasuliwa."

"Dada, sikuja kwa ubaya."

"Ubaya upo, hauhitaji kuletwa. Ameniambia nijiandae kuwa mke mdogo. Mimi! Baada ya kulisha hiyo kofia miaka yote hii." Akasogeza ungo. "Kaa. Pukuchua. Mtu asiseme tuliongea bure."

Persis akakaa, akachukua bunzi. Walipukuchua, kila mmoja akiona kwamba mwenzake anajua kazi.

"Anasema ng'ombe wa baba yangu hawakurudi kwake," alisema Persis.

Mikono ya Mong'ina ilisimama.

"Hawakurudi?"

"Ndivyo anavyosema mbele ya Alfayo. Hawakurudi hata mmoja."

"Yule mweusi mwenye doa jeupe pajani. Na yule wa pembe zilizolala. Na fahali mdogo aliyekuwa anachechemea."

"Huyo alichechemea kwa sababu ya daraja la Magwagwa," alisema Persis. "Mguu uliingia kati ya magogo. Baba alimfunga kwa kitambaa cha mama." Kisha naye akasimamisha mikono. "Umewajuaje?"

"Nimewajuaje? Ndio walionioa!" Mong'ina aliweka ungo chini. "Waliingia kwetu asubuhi moja, kaka yangu Obwocha akawapokea langoni. Mama yangu alimkamua yule mweusi mpaka meno yakamtoka. Kama hawakurudi kwa Jethro, basi waliokuja kwetu walikuwa wa nani?"

Hawakuangaliana. Wanawake wenye busara hawaangaliani wanapofikiria jambo la namna hiyo, wasije wakacheka mapema.

"Nenda nyumbani, Mama Nyangate," alisema Mong'ina hatimaye. "Kesi ni siku gani?"

Persis akamwambia.

"Mimi nitatuma neno kwa Obwocha. Na wewe, ukiwa hapo kortini, usiseme neno. Wewe ukishika kalamu ni balaa."

Siku ya kesi korti ya kilimani ilijaa, kwa maana mvua ilikuwa inanyesha na kesi ilikuwa ya watu wengine. Hakimu alikuwa kijana mwenye suti ya kijivu, si mtu wa huku, aliyependa sheria kama vile wengine wanavyopenda kufagia. Kila neno la Ekegusii lilipita kwa Abner kabla ya kumfikia, likafika limepigwa pasi. Thadeus alikuwa ameegesha lori nje, likiwa tupu, limefagiliwa. Jethro alivua kofia, akatoa hati, akaieleza korti kwamba hana la kuongeza, mke amekiri. Anachoomba ni watoto wake wote, maana yake mmoja.

"Mama," hakimu alimuuliza Persis, "sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Nilisaidiwa," alisema Persis.

Abner alitafsiri neno hilo kwa unyenyekevu.

Hakimu alikuwa ameshashika kalamu. Hapo ndipo kelele zilipotokea nje, sauti ya askari wa korti ikikataa jambo na sauti nyingine isiyosikia. Askari akaingia na maji yakimtiririka.

"Mheshimiwa, kuna mtu amefunga ng'ombe kwenye mlingoti wa bendera."

"Mwambie amfungue."

"Nimemwambia. Anasema si wake."

Hakimu akaagiza aletwe. Akaletwa Obwocha, mchinjaji, mtu mpana asiyependa kuzungumza wala kuzungumziwa. Alisimama katikati ya korti huku matope yakimdondoka, akasema Kiswahili chake mwenyewe, hakutaka cha Abner.

"Wewe ni shahidi wa nani?" aliuliza hakimu.

"Mimi si shahidi, mheshimiwa. Mimi ni mwenye dada."

"Dada gani?"

"Mong'ina, bibi ya huyu. Yuko nje na mizigo na watoto. Nimekuja kuchukua yeye, turudi nyumbani."

Jethro aligeuka. Kupitia mlangoni alimwona Mong'ina amesimama kwenye upenu, kitita kichwani, watoto wamejipanga kwa urefu kama mabomba ya kinanda cha kanisani.

"Na ng'ombe?" alisema hakimu.

"Ng'ombe ni ya watu wa Persis. Hii ni mjukuu ya ile nyeusi, tazama doa. Zingine ziko njiani na kijana wangu, mvua imechelewesha." Obwocha akafuta uso. "Nimesikia huyu anasema hakurudishiwa ng'ombe. Sasa mimi najiuliza. Nilioza dada yangu kwa ng'ombe ambazo zilitoka kwa baba ya Persis. Kama ziko za huyu, sawa, ndoa iko. Lakini kama hazikurudi kwake, ni za wenyewe. Mimi nimekaa na mali ya watu miaka hii yote? Mimi si mwizi. Chukueni ng'ombe. Mimi nachukua dada. Na watoto nachukua, kwa sababu huyu hajaoa kitu."

Kwenye viti vya nyuma watu walianza kucheka polepole, kadiri hesabu ilivyokuwa ikiwafikia, mmoja baada ya mwingine.

Hakimu aliweka kalamu chini. Hakuwa mjinga, alikuwa amesoma tu.

"Jethro Nyasani, ulimwoa Mong'ina kwa ng'ombe gani?"

"Nilikuwa na wengine, mheshimiwa."

Hapo korti nzima ilicheka, kwa kuwa Keumbu ilijua zizi la Jethro tangu likiwa na miti.

"Una dada aliyeolewa?"

"La."

"Baba yako alikuachia ng'ombe?"

"Aliniachia... walikuwa wametoka."

"Kwenda wapi?"

"Kwa akina Persis."

"Na baada ya hapo?"

Jethro alitazama kofia yake, ndani na nje. Kutoka upenuni sauti ya Mong'ina iliingia bila kuapishwa: "Sema upesi, watoto wananyeshewa!"

"Mheshimiwa," alisema Jethro, "nimekumbuka."

"Umekumbuka nini?"

"Walirudi."

"Wangapi?"

"Wote. Hata yule wa kuchechemea."

Nje, injini ya lori ikawaka. Thadeus hakuaga mtu. Alioa baadaye mwanamke wa Kisii mjini mwenye kidato alichosema ni cha nne, na mizigo yake ikaanza kufika mahali pasipotarajiwa. Lakini hiyo ni habari yake.

Mong'ina hakwenda kwa kaka yake. Alisema mvua ni nyingi. Alishusha kitita kutoka kichwani, akakiweka kichwani kwa Jethro juu ya kofia, akatangulia kushuka kilima na wanawe, na mumewe akafuata. Watu wa huku wanasema tangu siku hiyo amekuwa akitikisa kichwa kwa uangalifu zaidi.

Nyangate alimaliza muhula, akarudi Nyansiongo likizo, akauliza mbona mama yake amekonda. Akaambiwa ni pareto. Shule zilipofunguliwa alirudi na viatu.

Ombi la Persis la talaka lilitupwa, kwa sababu mtu hawezi kupewa talaka aliyokwisha kuwa nayo. Kwa maneno mengine, alishindwa kesi, akaenda nyumbani akamwambia Manasseh wameshindwa, na Manasseh akachinja kuku. Uamuzi wenyewe una kurasa kadhaa, umepigwa taipu, na unaeleza kwa lugha safi kwamba korti, baada ya kuupima ushahidi ulioletwa mbele yake, imeridhika kuwa ndoa ile ilivunjwa kihalali mwaka wa 1960. Kwenye ukurasa wa mwisho, mahali pa kuorodhesha vielelezo vilivyopokelewa, pameandikwa kimoja: ng'ombe jike, mweusi, doa jeupe paja la kulia. Amerudishwa kwa mwenyewe, Obwocha.